Ufunguo wa mofini na vijana wa kompyuta

Najua nimeadimika, zamu za usiku zimenibana na baridi ya huku Uingereza haina huruma. Leo nina dukuduku, mnivumilie.

Mwezi uliopita manesi wote tulikusanywa kazini tukahubiriwa saa nzima kwamba tusipeane maneno ya siri. Sikatai, somo zuri. Ila baadaye tukajua chanzo chake: kuna mtu alisoma mafaili ya wagonjwa usiku, na neno la siri alilotumia halikuwa la nesi yeyote. Lilikuwa la programu yenyewe, ile tunayoandikia dawa, na lilikuwa halijabadilishwa tangu programu ifungwe. Fundi aliyeliacha humo hakuitwa mkutanoni. Kwa kuwa kumbukumbu zilionyesha jina la programu tu, wakubwa wakachukua orodha ya zamu. Rafiki yangu mmoja, nesi kutoka Kenya, akahojiwa mara mbili kama mwizi. Mpaka leo hajaombwa radhi.

Nikampigia mdogo wangu Dar, ambaye kazi yake ni hizo hizo programu. Akacheka! "Dada, mbona kila mtu anafanya hivyo." Nilipoanza kumpa vidonge vyake, simu ikakatika, eti chaji. Haya, namjibu hapa hapa mbele yenu.

Siku hizi programu hufungwa ndani ya kontena pamoja na vitu vyake vyote. Ikitaka kufungua hifadhidata ya wagonjwa inahitaji neno la siri. Sasa vijana hufanyaje? Mmoja hulifungia humo humo kwenye picha ya kontena. Akilifuta baadaye anadhani limetoka, kumbe picha hujengwa kwa tabaka, na ulichofuta tabaka la juu bado kipo la chini. Mwingine huliweka kwenye vigezo vya mazingira, ambako mwenye ruhusa ya kukagua kontena analisoma wazi. Mdogo wangu yeye anajidai anatumia Siri za Kubernetes. Zimefichwa kwa nini? Base64! Jamani, hiyo si kufuli, ni kuandika kwa herufi nyingine tu. Na usipowasha usimbaji mwenyewe, ndivyo zinavyokaa kwenye hifadhi ya etcd. Mwaka 2016 wezi waliokota funguo za Uber ndani ya msimbo uliowekwa GitHub, wakabeba taarifa za watu milioni 57. Funguo ziliachwa tu, kama za baiskeli.

Wodini kwetu mofini iko kwenye kabati la kufuli. Ufunguo anao nesi kiongozi wa zamu. Inatoka dozi moja kwa mgonjwa mmoja, wawili mnashuhudia, mnatia sahihi daftarini. Hakuna anayemkabidhi mgonjwa ufunguo wa kabati ajihudumie.

Na kwenye kompyuta kitu hicho kipo! Kontena dogo la pili huwekwa ubavuni mwa lile la programu. Wenyewe wanaliita saidika, kama kile kigari cha ubavuni mwa pikipiki (na kwa Kiswahili limekaa pazuri, maana mtu anasaidika kweli). Hilo ndilo linalokwenda kwenye ghala la siri, tuseme Vault ya HashiCorp, linajitambulisha, linapewa neno la siri la muda, linaliandika kwenye faili lililo kwenye kumbukumbu ya muda, si kwenye diski. Programu inasoma faili hilo, basi. Muda ukikaribia kwisha, saidika linahuisha au linaleta jingine. Ghala, ukiliwashia daftari lake, linaandika nani kachukua nini na saa ngapi. Vault wana njia ya kulipachika lenyewe tangu 2019, na Kubernetes wameyakamilisha makontena ya namna hii kwenye toleo la 1.33 la mwaka 2025. Kisingizio kiko wapi?

Mdogo wangu anasema linakula kumbukumbu, kila podi na lake. Kweli, linakula. Anasema pia mwizi akishaingia ndani ya kontena la programu atalisoma faili. Kweli tena. Hata kabati letu halimzuii nesi mwizi. Lakini atakachoiba ni cha saa chache, na kila podi ikiwa na neno lake utajua mlango gani uliibiwa. Kwetu milango yote ilikuwa na ufunguo mmoja, ndiyo maana akasulubiwa mtu aliyekuwa anabadilisha dripu.

Na msidhani ni ya huku tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023. Na mama yetu mzazi anatibiwa hospitali inayotumia programu ya huyu huyu mdogo wangu. Vipimo vyake vyote vimo humo.

Basi mdogo wangu, najua unasoma hapa kimya kimya. Desemba nakuja likizo. Utafungua hiyo kompyuta mbele yangu, na nikikuta Base64, mama nitamweleza mimi mwenyewe, kwa Kipare, ili asikose hata neno moja.

Naingia zamu. Wataalamu wa kompyuta karibuni mnikosoe, nitasoma asubuhi nikitoka.