VAR Si Dawa, Refa Afungue Kinywa

Kila timu ya hapa nyumbani ikifungwa kwa penalti yenye utata, wimbo ni uleule: tuletewe VAR. Kocha anauimba mbele ya waandishi wa habari, shabiki anauimba ndani ya matatu, na hata jamaa ninaoandika nao programu, watu ambao huamshwa saa nane usiku seva ikianguka, wanauimba pia. Hao wa mwisho ndio wananikera zaidi, maana wao wanaijua mitambo. Mtambo hauondoi ubishi. Unauhamisha tu kutoka uwanjani na kuupeleka kwenye chumba chenye skrini.

Nitasema msimamo wangu mapema, asiyeutaka aende zake salama: shida ya penalti zetu si uchache wa kamera, ni ukimya wa refa. Anapuliza kipenga, ananyoosha mkono kwenye doa la penalti, wachezaji wanamzingira, kocha anapiga teke chupa za maji, na hakuna hata mmoja anayeambiwa ni kitu gani kimeonekana. Mfumo unaotoa uamuzi bila kutoa sababu ni mfumo mbovu, uwe wa binadamu au wa kompyuta.

Hebu kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Tarehe 27 Juni 2010, mjini Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza alipiga shuti likagonga mwamba, likadunda ndani kabisa ya mstari wa goli la Ujerumani, likatoka. Refa hakuona, mchezo ukaendelea, na Ujerumani wakashinda 4-1. Swali la siku ile lilikuwa na jibu moja tu: mpira umevuka mstari au haujavuka? Hilo ni swali la kupima, na kompyuta huzaliwa kwa ajili ya kupima. Mwaka 2012 bodi ya sheria za soka, IFAB, ikaruhusu teknolojia ya mstari wa goli, na sasa pale inapotumika saa ya refa humpa jibu ndani ya sekunde moja. Hapo mtambo umeshinda, nami navua kofia.

Penalti si swali la kupima. Twende fainali ya Kombe la Dunia, Moscow, tarehe 15 Julai 2018, Ufaransa na Croatia wakiwa 1-1. Kona inapigwa, mpira unagonga mkono wa Ivan Perišić. Refa Néstor Pitana wa Argentina hakutoa kitu mwanzoni. Akaitwa kwenye skrini, akatazama, akaanza kuondoka, akarudi kutazama tena, ndipo akatoa penalti. Antoine Griezmann akafunga, na Ufaransa wakabeba kombe kwa 4-2. Picha ilikuwa safi, imepunguzwa mwendo, imerudiwa mara kadhaa, na bado watu wanabishana mpaka leo. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyebisha kwamba mpira uligusa mkono. Ubishi ni kama mguso ule ulikuwa kosa. Kamera haina jibu la hilo. Mwenye jibu ni refa, na refa hakusema neno.

Mkitaka ushahidi wa karibu, upo. Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalichezwa kwetu, Tanzania na Uganda, na VAR ilikuwepo. Kasarani, robo fainali, Harambee Stars walitangulia kwa bao la Alphonce Omija, Madagascar wakasawazisha kwa penalti, mechi ikaisha 1-1 na tukatolewa kwa matuta 4-3. Je, ubishi uliisha kwa kuwa mtambo ulikuwepo? Muulize kinyozi wako.

Sasa niwape kisa ambacho kila mwandishi wa programu anapaswa kukisoma kama funzo la kazi. Tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham na Liverpool. Luis Díaz anafunga, mshika kibendera anasema ameotea. Mwamuzi wa VAR anaangalia, anaona Díaz hakuotea, anamwambia refa kwamba ukaguzi umekamilika. Kumbe alidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa bao! Refa naye akaelewa kwamba ameungwa mkono: ameotea. Mchezo ukaanza tena. Aliyestuka wa kwanza ni fundi wa kurudisha picha, lakini sheria inasema mchezo ukishaanza upya uamuzi wa aina hiyo haubadilishwi. Liverpool walilala 2-1.

Angalieni vizuri. Kamera zilifanya kazi. Mistari ilichorwa sawasawa. Jicho la mwamuzi liliona ukweli. Kilichokufa ni mazungumzo. Pande mbili zilibadilishana ujumbe bila kuthibitisha kila mmoja amesimama wapi, jambo ambalo hata programu changa ya kutuma pesa kwa simu hairuhusiwi kulifanya. Na tumejuaje haya yote? Kwa sababu siku chache baadaye, tarehe 3 Oktoba, bodi ya waamuzi ya Uingereza ilitoa sauti ya mazungumzo yenyewe. Kocha Jürgen Klopp alibaki na hasira, na alikuwa na haki ya kukasirika, lakini uvumi kwamba kulikuwa na njama uliishiwa nguvu. Watu walisikia binadamu waliokosea, si wezi. Rekodi moja iliwasafisha waamuzi kuliko taarifa kumi za kuomba radhi.

Mahali pasipo maelezo, hali huwa nyingine. Tarehe 31 Mei 2019, fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa Afrika pale Radès, Tunisia. Espérance wanaongoza 1-0, Wydad Casablanca wanasawazisha, bao linakataliwa. Wydad wanadai VAR. VAR haifanyi kazi! Wakagoma kuendelea, mechi ikavunjika, Espérance wakapewa ushindi, na kesi ikafika mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Uswisi kabla ya Espérance kubaki na kombe. Hii ni fainali ya bara zima, na kifaa kimekufa. Halafu mtu ananiambia tukifunge kwenye viwanja vyetu ambavyo vingine havina hata ukuta wa kumzuia shabiki asimfikie refa.

Na hapo ndipo penye uzito. Kwenye uwanja usio na ukuta, penalti isiyoelezwa si jambo la kubishania kwenye chai. Kocha akirusha mikono, mashabiki wanasoma mikono yake kama amri. Refa wa ligi ndogo, ambaye Jumatatu anarudi kazini kwake kama mimi na wewe, ndiye anayekimbia.

Najua nitaambiwa: refa akianza kujieleza, heshima yake itaisha. Upuuzi. Wakenya tunapenda raga. Refa wa raga ana kipaza sauti, anamweleza nahodha kosa ni lipi, na sisi nyumbani tunasikia. Majitu yenye kilo mia na zaidi yanamsikiliza kijana wa kilo sabini na kumwita bwana. Soka yenyewe imeanza kujifunza: kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023, katika mechi ya ufunguzi kule Auckland, refa Yoshimi Yamashita wa Japani alitazama skrini, kisha akauambia uwanja mzima kwa kipaza sauti kwamba ni penalti, na kwa nini. New Zealand wakaikosa hiyo penalti. Mbingu hazikuanguka.

Nitaambiwa pia hatuna pesa. Kweli, lakini ninachotaka hakihitaji pesa za VAR. Kwanza, refa atoe sababu kwa sentensi moja kwa manahodha wote wawili, na awe anazungumza na manahodha tu, kama ilivyofanyika Euro 2024. Pili, ripoti yake kuhusu kila penalti na kila kadi nyekundu itolewe hadharani ndani ya siku mbili: dakika, kosa, sheria iliyotumika. Ukurasa mmoja kwenye tovuti unatosha, na kazi hiyo mwandishi wa programu mmoja anaimaliza wikendi. Tatu, ligi yenye kamera chache ijaribu ule mfumo wa FVS ambao FIFA waliutumia mwaka 2024 kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 kule Colombia. Hakuna chumba cha waamuzi wa video. Kocha anapewa nafasi mbili za kuomba tukio litazamwe, refa mwenyewe analitazama kando ya uwanja, na kocha akiwa sahihi nafasi yake haipotei.

Hilo la tatu linanifurahisha zaidi kwa sababu linambana kocha. Leo hasira ni bure: anapiga kelele kwa kila mguso na hapotezi kitu. Tangu 2019 sheria inaruhusu aonyeshwe kadi ya njano au nyekundu, lakini kadi inakuja baada ya vurugu. Mpe maombi mawili tu, na utaona jinsi atakavyojifunza kuhesabu. Akiyamaliza kwa pupa, akae kwenye benchi anyamaze. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kwa hiyo wenzangu wa kompyuta, mkisikia tena mtu anadai VAR, msiitikie kwa kuwa tu kidude kina skrini. Muulizeni kwanza swali ambalo tungemuuliza yeyote anayetaka kutuuzia mfumo: ukikosea, nitajuaje ulikosea wapi? Asipokuwa na jibu, arudi nalo kwao. Refa wetu tunaye tayari, na mdomo anao.