Sadaka Si Jaa la Taka



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, tunawashukuru walimu wetu kwa kutupa nafasi katika jarida la mwaka huu. Sisi wanafunzi wa darasa la juu tunataka kuzungumza na wanafunzi wenzetu, na pia wazazi wetu kwa heshima zote, juu ya jambo tulilolishika kwa mikono yetu wenyewe: nguo na vyombo tunavyovitoa kwa wasiojiweza.

Ramadhani iliyopita tulipewa kazi ya kupokea na kupanga vitu vilivyoletwa madrasani. Watu walijitolea, Alhamdulillah. Vililetwa vitu vizuri: doti za kanga zilizofuliwa na kupigwa pasi, mabuibui, kanzu za watoto, masufuria, masinia, hata kitanda kizima na chandarua chake. Waliovileta Allah awalipe kheri. Lakini magunia mengine tulipoyafungua tulitazamana. Kiatu cha mguu mmoja. Birika la umeme lililoungua waya. Godoro lenye harufu ya mkojo. Kanzu iliyopasuka kwapani, na jasho la mwenyewe bado limo. Vitu hivi havikuletwa kwa sababu kuna mtu anavihitaji. Vililetwa kwa sababu nyumba zilikuwa zinasafishwa kwa ajili ya Idi, na madrasa iko karibu kuliko jaa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Basi na moyo wenyewe hujulikana kwa kile kilichotolewa. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, Mwenyezi Mungu anawaonya waumini wasichague kibaya wakakitoa, ilhali wao wenyewe wangepewa wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Na katika Suratu Aal Imran, aya ya 92, anatufundisha kuwa wema hatuufikii mpaka tutoe katika vile tunavyovipenda. Sahaba Abu Talha (R.A.) alipoisikia aya hii hakwenda kutafuta mtende uliokauka. Alitoa bustani yake ya Bayruha, mali aliyoipenda kuliko zote, iliyokuwa ikielekeana na msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Mtume (S.A.W.) akamshauri awape jamaa zake, naye akawagawia.

Hatusemi kila mtu atoe shamba, wala hatusemi nguo iliyokwisha kuvaliwa haifai. Inafaa sana. Mtoto hukua na nguo yake ikabaki nzima, na sufuria la pili lililokaa juu ya kabati mwaka mzima lingepikia familia nyingine kila siku. Tunachosema ni kwamba mpokeaji ni mtu kama sisi. Nendeni Kongowea mkawatazame wanaonunua mitumba. Mwenye shilingi mia moja mkononi hulishika shati, hulipindua, hutazama kola na vifungo, na lisipompendeza hulirudisha. Hakuna anayemwambia ana kiburi. Kwa nini basi huyu tunayempa kwa ajili ya Allah akichagua tuseme maskini huyu hana shukrani?

Liko na jambo zito zaidi, nasi hatutalificha. Siku ya Idi mwenzetu mmoja alikuja amevaa kanzu aliyopewa kutoka kwenye vitu vile. Ilikuwa nzuri, ina tarizi shingoni. Mbele ya watoto wote mwanafunzi mwingine akasema, "Hiyo ilikuwa yangu! Tazameni, doa la wino bado lipo." Watoto wakacheka. Yule mwenzetu hakusema kitu. Wiki tatu hakuonekana darasani, mpaka ustadhi akaenda kwao kuzungumza na mama yake. Kanzu aliirudisha ikiwa imefuliwa na kukunjwa. Hatumtaji jina, wala hatumtaji aliyesema maneno yale, ingawa yumo miongoni mwetu tunaoandika makala hii.

Kanzu ile ilikuwa safi na nzima, na bado sadaka iliharibika. Aya ya 264 ya sura hiyohiyo ya Baqara inatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Na katika Hadithi ya watu saba watakaopata kivuli cha Allah Siku ya Kiyama, mmoja wao ni yule anayetoa kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Sisi tulitoa kwa mkono wa kulia, kisha tukatangaza kwa mdomo.

Tunawakumbusha pia juu ya nguo za marehemu, maana magunia mengine yalitoka nyumba zenye msiba. Mtu akifa, vitu vyake ni mirathi. Warithi watu wazima wakiridhia wanaweza kutoa mafungu yao, lakini fungu la yatima aliye mdogo si la kutolewa sadaka na yeyote. Tuwaulize masheikh kwanza, tusije tukatenda wema kwa haki ya mtoto. Wala nguo hizi zisichukue nafasi ya zaka. Zaka ina hesabu yake.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa Ramadhani ijayo. Kila kitu kifuliwe au kioshwe kabla ya kuletwa, vifungo vishonwe, viatu vifungwe jozi kwa jozi, na cha umeme kijaribiwe. Kilichochakaa kikatwe matambara hukohuko nyumbani. Madrasani vitu vitandazwe juu ya mikeka, na wanaohitaji waingie kwa faragha, wanawake kwa zamu yao na wanaume kwa zamu yao, kila mtu achague mwenyewe. Na tusisahau kuanza na jamaa na majirani, ambao pengine wanaona haya kuja.

Wanafunzi wenzetu, kabla ya kutia kitu guniani tujiulize: je, ningempelekea hiki shangazi yangu? Tukiona haya kumpa shangazi, basi tusimpe maskini. Na siku tutakapoiona nguo yetu imevaliwa na mwenzetu, tumwamkie, tupite.

Yule mwenzetu sasa amerudi darasani. Tulimwomba radhi, akasema amesamehe. Ile kanzu hajaivaa tena.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azipokee sadaka zetu na atusamehe tulipokosea. Amin.

Wabillahi tawfiq.