Mnara wa Thomas Point ubaki majini

Ghuba ya Chesapeake, Marekani, iliwahi kuwa na minara mingi ya taa juu ya nguzo za chuma zenye ncha za skrubu, zilizozungushwa hadi zikauma kwenye tope. Leo mmoja tu wa aina hiyo umebaki pale ulipojengwa: Thomas Point Shoal wa mwaka 1875, nyumba ya mbao yenye pembe sita karibu na Annapolis. Mwenzake, ule wa Hooper Strait, ulikatwa vipande viwili mwaka 1966 ukapelekwa kwenye makumbusho ya St. Michaels. Huko utaupanda bila kulowa miguu, lakini hauongozi tena chombo chochote.

Tangu 2004 Thomas Point ni mali ya jiji la Annapolis. Kuutunza kati ya chumvi na barafu ni ghali; bado tunasema usihamishwe. Na mgeni akirudi bandarini asikimbilie kaa (watamu, hatukatai). Apite kwanza gatini, kwenye sanamu ya Alex Haley, mwandishi aliyesimulia habari za meli ya Lord Ligonier, katika bandari ambamo meli hiyo iliwashusha Waafrika waliotekwa, mwaka 1767. Waendesha boti za watalii waitaje meli hiyo kabla ya kung'oa nanga.