Chekeche Halipiki

Mpwa wangu alinijia Jumapili moja na simu mkononi. Alikuwa na akiba ya miaka minne, akitaka kuitia katika hisa. "Mjomba," akaniambia, "siku hizi mtu hahangaiki. Unaiambia programu unataka hisa za namna gani, nayo inakuchekechea." Akaandika masharti yake matatu: bei isizidi mara tano ya faida ya mwaka kwa kila hisa, gawio lisipungue asilimia 10 ya bei, na madeni yasizidi mtaji. Kufumba na kufumbua yakatokea majina manne. Akafurahi kama mvuvi aliyevuta jarife zito.

Mimi sikufurahi. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Miaka michache nyuma nilinunua hisa za kampuni moja, ambayo sitaitaja, kwa njia hiyo hiyo. Bei ilikuwa shilingi 12, na faida shilingi 4 kwa kila hisa. Mara tatu tu! Nikajiona mjanja. Kumbe sehemu kubwa ya faida ile ilitokana na kiwanja kilichouzwa. Ukikiondoa, biashara yenyewe ilizaa senti 50 kwa kila hisa. Yaani nilinunua kwa mara 24. Wala habari hiyo haikufichwa. Iliandikwa katika maelezo ya hesabu, kurasa za nyuma, ambako chekeche halikufika na mimi sikujisumbua kufika. Mwaka uliofuata gawio halikutoka, na kiwanja kingine cha kuuza hakikuwapo.

Basi nasema wazi: anayewafundisha watu kwamba programu hizi huwatafutia hisa za kuwatajirisha anawapotosha. Chekeche hutenga tu, halipiki. Husoma tarakimu zilizoandikwa na kampuni yenyewe, tena za mwaka uliokwisha. Enron ya Marekani ilitangaza mapato ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka 2000. Desemba 2001 ikawa mahakamani kama mufilisi. Tarakimu za uongo hupita katika matundu yale yale ya tarakimu za kweli. Na hisa ikiwa rahisi mno, mara nyingi ni kwa kuwa wanaoijua kampuni wanaikimbia.

Wataniuliza: bila chekeche, mtu atazipitiaje kampuni zote? Huko New York, penye maelfu ya kampuni, swali hilo lina uzito. Lakini Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, lina kampuni zipatazo 60 tu. Soma taarifa moja kila juma, na kwa muda wa mwaka mmoja na miezi michache umezimaliza zote. Nani atatega jarife kisimani?

Nilimwambia mpwa wangu asinunue hata moja kati ya zile nne kabla ya kujibu maswali matatu: faida hii imetoka wapi, fedha taslimu ziliingia kweli, na mkaguzi wa hesabu amesema nini? Akanung'unika kwamba taarifa moja ina kurasa 150. Nikamwambia, "Nawe uliifanyia kazi akiba hiyo siku ngapi?"

Akanyamaza. Msomaji, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hakuna programu ya kuinama kwa niaba yako.