Ajenda Irudi kwa Madiwani

Boma la zahanati likikaa mwaka bila kuezekwa, wananchi waliochanga mchanga na matofali humbana diwani wao. Ndiye aliyewaomba kura. Diwani naye huenda kumsubiri mkurugenzi wa halmashauri, mtu ambaye hakumwomba kura yeyote: ameteuliwa na Rais, na uteuzi mwingine unaweza kumhamishia mkoa wa mbali wakati wowote.

Hatugombani na uteuzi wenyewe. Halmashauri inahitaji mtaalamu wa kushika hesabu na kujibu hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na tunawajua madiwani ambao wangepewa hundi leo, kesho zabuni ingeangukia kwa shemeji. Mwaka 2019 Tanzania ilibishana kama wakurugenzi wasimamie uchaguzi. Mahakama Kuu ikasema hapana, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka huohuo. Ubishi ule ulihusu siku moja katika miaka 5. Sisi tunauliza kuhusu siku zilizobaki.

Katika Tanzania Bara, mkurugenzi ni mtendaji mkuu, ni afisa masuuli, na papo hapo ni katibu wa Baraza la Madiwani. Hicho cheo cha tatu hakina king'ora wala bendera, ndiyo maana hakisemwi. Katibu ndiye anayeandaa ajenda. Walio chini yake ndio wanaoandika taarifa anazohojiwa kwazo, na ofisi yake ndiyo inayoandika muhtasari wa mahojiano hayo. Kabrasha likimfikia diwani asubuhi ya kikao, atahoji nini? Atafungua ukurasa wa kata yake, asome kwamba utekelezaji unaendelea, kisha robo mwaka ijayo asome maneno yaleyale. Na jambo lisiloingia kwenye ajenda hakuna anayelikataa. Halipo tu.

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, na Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni yake ni kuwapelekea wananchi madaraka. Madaraka hayo yanafika hadi mlangoni mwa baraza, yanamkuta katibu ameshapanga kikao kizungumze nini.

Bungeni mambo hayako hivyo. Lina ofisi yake na Katibu wake, asiyesimamia bajeti ya wizara yoyote inayohojiwa pale. Kenya nayo, kwenye kaunti, ilitenganisha mapema: katibu wa kaunti yuko upande wa gavana, na karani wa bunge la kaunti huteuliwa na bodi ya bunge hilo kwa idhini ya wajumbe wenyewe. Kaunti zina matatizo yake chungu nzima, lakini hili si mojawapo.

Tutaambiwa hakuna fedha za kuajiri. Watumishi wanaoshughulikia vikao wapo tayari na wanalipwa mishahara. Wanachobadilisha ni bosi. Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 zirekebishwe ili watumishi hao wawe chini ya mwenyekiti au meya, katibu wao athibitishwe na madiwani, na kabrasha limfikie kila diwani siku 7 kabla ya kikao. Likichelewa, kikao kisifanyike, na posho ya siku hiyo isilipwe kwa yeyote.