Alama 50 na Faili za Wodini: Barua ya Wazi kwa Baraza la Madaktari

Kwa Mwenyekiti, Afisa Mkuu Mtendaji na wanachama wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini Kenya (KMPDC), Nairobi

Waheshimiwa,

Mwaka unapoelekea kuisha, daktari wa Kenya anayetaka kuhuisha leseni yake hujumlisha alama zake za mafunzo endelevu aone kama zimefika 50. Siwaandikii kuwaomba mlifute sharti hilo. Nawaandikia kwa kuwa, jinsi linavyotekelezwa, linaelekea kuhesabu saa ambazo daktari ameketi akisikiliza, ilhali kinachomhusu mgonjwa ni kile daktari anachofanya akirudi wodini. Uhusiano kati ya mambo hayo mawili umetafitiwa kwa miaka mingi, mara kadhaa hapa hapa Kenya, na matokeo yake hayaupi ukumbi wa semina uzito tunaoupa.

Nianze na wale wanaosema kwamba daktari aliyefuzu, akamaliza intanshipu na kusajiliwa aachwe afanye kazi yake. Hoja hiyo ingesimama kama utabibu ungetulia. Daktari aliyehitimu mwaka 1996 alifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka 1998 serikali ikahamia dawa ya SP, mwaka 2004 ikachagua dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, na mwaka 2010 ikaelekeza kwamba wagonjwa wa umri wote wapimwe kabla ya kutibiwa. Mfano mzito zaidi ni jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011 baada ya kufanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliolazwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Mafunzo ya kawaida yalitaka mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Jaribio likaonyesha kwamba kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji hayo, 10 hadi 11 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiomiminiwa walifariki 7. Daktari aliyefuata kwa uaminifu alichosoma chuoni alikuwa akiwadhuru watoto pasipo kujua. Wala miaka ya kazi haitoshi kumrekebisha. Niteesh Choudhry na wenzake walipopitia tafiti 62 mwaka 2005, waliona kwamba katika zaidi ya nusu yake ubora wa kazi ulishuka kadiri miaka ya daktari kazini ilivyoongezeka, kwa kila kipimo kilichotumika. Kwa hiyo sharti la kuendelea kujifunza ni la haki. Swali ni kujifunza kwa namna gani.

Mwaka 1999 Dave Davis na wenzake waliandika katika jarida la JAMA kwamba vikao vya mihadhara mitupu, ambapo mmoja husema na wengine husikiliza, havikuonyesha kubadili utendaji wa madaktari. Vilivyoleta mabadiliko ni vile vilivyowapa nafasi ya kujadiliana na kufanya mazoezi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021, yaliyokusanya tafiti 215 kuhusu mikutano na warsha za kitaaluma, yalikuta kwamba ongezeko la kawaida katika kufuata utaratibu unaotakiwa ni chini ya asilimia 7. Sisemi hiyo si kitu. Katika nchi yenye wagonjwa wengi, hata asilimia 6 ni watu wengi. Lakini ni mavuno madogo mno kwa kazi inayomwondoa daktari wodini, inayomgharimu nauli na ada, na ambayo pengine imelipiwa na kampuni yenye dawa ya kuuza nje ya mlango wa ukumbi. (Hilo la ufadhili linastahili barua yake.)

Linganisheni na jaribio lililofanywa katika hospitali nane za wilaya nchini, ambalo matokeo yake yaliyoandikwa na Philip Ayieko na wenzake yalichapishwa mwaka 2011. Hospitali zote nane zilipewa miongozo ya kuwatibu watoto waliolazwa. Nne kati yake zilipata semina ya mihadhara ya siku moja na nusu, na ripoti za maandishi kuhusu hali ya huduma zao. Nne nyingine zilipata mafunzo ya vitendo ya siku tano na nusu, mwezeshaji aliyekuwa mtumishi wa hospitali ile ile, usimamizi kutoka nje, na watafiti waliokuja kuketi na wafanyakazi kuwaonyesha ana kwa ana yale ambayo faili za wagonjwa wao zilisema. Baada ya miezi 18, kundi la pili lilikuwa mbele kwa vipimo vingi. Katika agizo la kutoa jentamisini mara moja kwa siku, kwa mfano, lilifikia asilimia 89 dhidi ya 74. Mtu anaweza kusema, na ni kweli, kwamba jaribio hilo lilichanganya mambo mengi kiasi kwamba huwezi kujua ni lipi hasa lililofanya kazi. Ila angalieni kundi la kwanza lilipewa nini: miongozo, mihadhara na karatasi. Kwa daktari wa kawaida anayetafuta alama zake 50, mwaka wa mafunzo hufanana zaidi na kundi hilo.

Haimaanishi kwamba lazima tutumie fedha nyingi. Dejan Zurovac na wenzake waliwatumia wahudumu wa vituo 107 vya vijijini nchini Kenya ujumbe mfupi wa simu kwa miezi sita, wakiwakumbusha namna ya kutibu malaria kwa watoto. Matibabu sahihi yaliongezeka kwa takriban asilimia 24, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma ongezeko lilikuwa pale pale. Nao Alexander Rowe na wenzake, walipochambua tafiti 337 kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati mwaka 2018, walikuta kwamba kuwapa wahudumu maandishi peke yake kuliongeza asilimia 1.4 tu, mafunzo au usimamizi peke yake kati ya asilimia 10 na 16, na viwili hivyo pamoja takriban 18. Kikundi cha wahudumu kuketi na kutatua tatizo la kituo chao kulionekana kuleta zaidi ya hapo, ingawa ushahidi wake ni dhaifu na haufai kushangiliwa mapema.

Ombi langu ni hili: kati ya alama 50, zisizopungua 20 zitokane na daktari kuipima kazi yake mwenyewe pamoja na wenzake. Achague swali moja, tuseme kama akina mama wenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti kwa wakati. Atoe faili 20 au 30, azilinganishe na mwongozo wa taifa, azijadili na wauguzi, maafisa wa kliniki na mfamasia, wabadilishe jambo moja, kisha baada ya miezi kadhaa wapime tena. Alama zitolewe kwa kipimo cha pili, si cha kwanza. Vikao vya kuchunguza vifo vya wazazi na watoto wachanga, ambavyo hospitali zinatakiwa kuvifanya hata sasa, vihesabiwe pia iwapo vimezaa hatua iliyotekelezwa. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa siri wa vifo vya uzazi nchini, iliyopitia vifo 484 vya mwaka 2014, ilikuta kwamba wanawake 9 kati ya 10 walipata huduma iliyopungukiwa. Sioni mtaala ulio bora kuliko huo kwa daktari wa wodi ya uzazi, na faili zake ziko kabatini kwake.

Najua pingamizi kubwa kuliko yote, maana tayari limetokea kwingine. Bodi ya madaktari wa tiba ya ndani ya Marekani, ABIM, iliwataka madaktari wapime utendaji wao ili wadumishe vyeti. Februari 2015 ililazimika kuwaomba radhi hadharani na kusimamisha sharti hilo, baada ya madaktari kulalamika kwamba ni kujaza fomu tu na kulipia ada. Anayetaka kunipinga aanzie hapo. Jibu langu ni kwamba kosa lilikuwa katika namna: daktari alijaza mwenyewe moduli zilizobuniwa mbali na kazi yake, na akazilipia. Uingereza, ambako tangu Desemba 2012 leseni huthibitishwa upya kila miaka mitano, daktari huleta mbele ya mwenzake ushahidi wa kuboresha kazi yake, matukio mazito, na maoni ya wagonjwa na wafanyakazi wenziwe, kisha huzungumza. Malalamiko ya makaratasi yapo huko pia, lakini mfumo umesimama. Kwetu iwe bure, kazi ifanywe na kikundi, na ripoti isizidi kurasa mbili.

Pingamizi la pili ni uhaba. Daktari aliyebaki peke yake zamu ya usiku katika hospitali ya kaunti atasema hana muda wa kufungua faili za zamani. Ni kweli, na serikali za kaunti zisizoajiri zina lawama yao. Lakini siku mbili za kongamano Mombasa ni muda pia, na daktari huyo huyo anautafuta kwa sababu mnauhesabu. Mkianza kuhesabu kazi ya wodini, muda utahamia huko. Mwenye kliniki binafsi asiye na wenzake aunganishwe na hospitali ya jirani. Ama udanganyifu, utakuwepo, kama ulivyo uwezekano wa mtu kufungua semina mtandaoni na kwenda kunywa chai. Tofauti ni kwamba faili zinaweza kukaguliwa, na mkikagua chache kwa kura kila mwaka wengi watajiheshimu.

La mwisho ndilo linalonitia wasiwasi: hofu ya mahakama. Daktari hataandika kwamba kifo kingeweza kuzuilika kama karatasi hiyo itamfuata kizimbani, au ikatua mbele ya kamati yenu ya nidhamu. Bila kinga ya wazi kwa kumbukumbu za vikao hivi, hayo mengine yote yatazaa ripoti zilizopambwa. Hapa ndipo mnapopaswa kuanza, kwa kutamka kwamba Baraza halitatumia kumbukumbu hizo katika mashtaka ya nidhamu, na kwa kuiomba Wizara ya Afya kinga ya kisheria juu ya hayo mengine.

Wakati hilo likishughulikiwa, kuna hatua isiyohitaji kamati. Mnajua alama za kila daktari zilitoka wapi. Chapisheni, bila majina, mgawanyo wa miaka mitatu iliyopita: ngapi zilitokana na mihadhara, ngapi na mafunzo ya vitendo, ngapi na vikao vilivyolipiwa na kampuni za dawa, ngapi na kazi iliyofanywa ndani ya hospitali. Kama nimekosea kuhusu uzito wa mihadhara, takwimu hizo zitanisuta mbele ya umma, nami nitazipokea.

Wasalaam.