Kutetemeka si Kukiri Kosa

Fedha zikipotea nyumbani, mara nyingi kesi huamuliwa kwa macho. Watoto hupangwa mstari na kuulizwa mmoja mmoja. Yule anayetetemeka, anayeshindwa kumeza mate au anayetokwa jasho viganjani ndiye anayechapwa. Husemwa kwamba mwili wenyewe umemtaja. Msichana wa kazi naye hufukuzwa kwa ushahidi huo huo. Sisi tunaona kwamba hukumu ya namna hii ni dhuluma, na mwezi huu tunamwita shahidi ambaye kazi yake ilikuwa kupima jasho na mapigo ya moyo ya watu.

Shahidi huyo ni David Lykken, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1928 mjini Minneapolis, akasoma katika Chuo Kikuu cha Minnesota na kupata shahada ya udaktari mwaka 1955. Hapo hapo alifundisha na kufanya utafiti kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2006. Fani yake huitwa saikofiziolojia, yaani elimu inayochunguza jinsi mawazo na hisia zinavyouendesha mwili. Mtaalamu wa fani hii hatosheki na maneno ya mtu peke yake. Humvisha vibati vidoleni ili kupima jasho, humfunga mkanda kifuani ili kupima pumzi, kisha hutazama mistari inayochorwa na mashine wakati mtu huyo anapofikiri, anapoogopa au anapofurahi.

Je, kwa nini mwili hubadilika? Mtu akiona hatari, ubongo hutuma habari kupitia mishipa ya fahamu ambayo hatuitawali kwa hiari yetu. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya damu. Moyo huenda mbio, presha hupanda, mdomo hukauka na viganja hulowa. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Tena hufanya hivyo hivyo kwa mwizi anayeogopa kukamatwa na kwa mtu mwema anayeogopa kusingiziwa. Hakuna jasho la uongo na jasho la ukweli.

Mwaka 1957 Lykken alichapisha utafiti uliompatia sifa. Aliwachunguza watu wenye tabia sugu ya kuvunja sheria bila kujali, akawapa zoezi ambalo ukikosea kwa namna fulani unapigwa na umeme kidogo. Baadhi yao hawakujifunza kuukwepa umeme kama watu wengine walivyojifunza, na ngozi zao zilionyesha wasiwasi mdogo. Kumbe wako watu ambao hofu haiwashiki kama inavyotushika sisi! Basi, utulivu wa mwili si cheti cha usafi wa moyo.

Wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kuipokea mashine inayoitwa poligrafu, ambayo wengi huiita mashine ya kupima uongo. Hupima pumzi, presha, mapigo ya moyo na jasho. Katika njia inayotumika sana, mtu huulizwa swali la jumla, mathalani kama amewahi kuchukua kitu kisicho chake, kisha huulizwa juu ya kosa lenyewe. Mwili ukishtuka zaidi kwa swali la pili, huhesabiwa mwongo. Lykken aliuliza jambo ambalo hata mzee wa mtaa angeuliza: ni mtu gani mwema asiyeshtuka anapoulizwa swali linaloweza kumnyima kazi yake au kumpeleka gerezani?

Hakuishia kulaumu, bali alitafuta njia bora. Mwaka 1959 alieleza kipimo kisichouliza "Je, wewe ndiye?" Kinatafuta kama mtu anajua mambo ambayo aliyetenda tu ndiye angeyajua. Tuseme fedha ziliibwa ndani ya birika. Mtuhumiwa hutajiwa sufuria, kapu, birika, debe na mtungi. Asiyejua lolote ataviona vyote sawa. Aliyeiba, ngozi yake huelekea kushtuka kwenye birika. Swali moja lenye majibu matano huweza kumwangukia asiye na hatia kwa bahati mbaya mara 1 katika 5. Lakini yakiulizwa maswali 6 ya namna hiyo, bahati mbaya ya kuangukiwa na yote ni mara 1 katika 15,625. Katika jaribio lake la wanafunzi 49 walioigiza makosa, kipimo kiligundua hatia katika mahojiano 44 kati ya 50 ya wenye makosa. Katika mahojiano yote 48 ya wasio na makosa, hakuna aliyesingiziwa.

Tunasisitiza jambo hilo la mwisho, maana hapo ndipo ilipo heshima ya kazi yake. Alikubali wakosaji wachache wapite kuliko mmoja asiye na kosa apondwe. Mwaka 1981 alitoa kitabu, A Tremor in the Blood, akiwaonya Wamarekani juu ya poligrafu. Mwaka 1988 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyowakataza waajiri wengi wa binafsi kuwapima wafanyakazi kwa mashine hiyo, ingawa serikali yenyewe haikubanwa. Aldrich Ames, ofisa wa shirika la ujasusi la CIA aliyekuwa akiwauzia Warusi siri, alipimwa mwaka 1986 na tena mwaka 1991, akapita mara zote mbili. Alikamatwa mwaka 1994. Ripoti ya Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani ya mwaka 2003 ilisema poligrafu inaweza kukisia vizuri kuliko kubahatisha tu, lakini usahihi wake hautoshi kutegemewa katika kuwachuja wafanyakazi kwa ajili ya usalama.

Wako watakaosema, "Lakini mashine huwatisha wakosaji hadi wakakiri." Ni kweli hutokea. Lakini fimbo nayo huwafanya watu wakiri, hata wasichokitenda. Kinachopatikana kwa vitisho ni maneno, na maneno hayo yanaweza kuwa kweli au uongo.

Basi sisi wa nyumbani tujifunze nini? Kwanza, kitu kikipotea tusitangaze kila kitu. Tusiseme kilikuwa wapi wala kilifungwa kwa nini. Tumwite kila mmoja faraghani, kwa sauti ya kawaida, tuulize alikuwa wapi na aliona nini. Anayetaja jambo ambalo hakuambiwa ametupa habari ya kufuatilia, lakini tuulize pia amelijuaje, huenda alisikia kwa mwingine. Anayetetemeka ametuambia tu kwamba anaogopa. Na pengine anatuogopa sisi.

Pili, kutetemeka kunaweza kuwa ugonjwa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, sukari yake ikishuka mno, hutetemeka, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio na maneno yake huvurugika. Wengine humdhania mlevi. Ikiwa yu macho na anaweza kumeza, apewe mara moja maji yenye sukari au soda ya kawaida. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni. Mkimbizeni hospitalini.

Tatu, presha. Wako watu ambao presha yao hupanda kwa kumwona tu mganga au muuguzi. Kabla ya kupimwa, kaa umetulia kwa dakika 5, usizungumze wakati wa kupimwa, na usipimwe mara baada ya kutembea haraka au kunywa kahawa. Kipimo kikiwa juu, rudi siku nyingine upimwe tena. Usikidharau, wala usiache dawa ulizopewa kwa kudhani kwamba ilikuwa hofu tu.

Mwili husema kweli kwa kadiri yake. Husema "nimeshtuka", lakini hausemi "nimeiba". Lykken, aliyeupima kwa miaka mingi, alikataa kuutilia maneno mdomoni. Wazazi, walimu na waajiri, nasi tukatae. Kabla ya kuinua fimbo au kumfungia msichana wa kazi virago vyake, tutafute ushahidi, na kama haupo, tunyamaze.